Kabla hujamcheka Mwingereza

Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Methali hii, mpenzi msomaji, niliisoma shuleni, nikaijibia mtihani na nikapata alama zote. Lakini maana yake hasa sikuijua mpaka majuzi nilipokwenda Funzi kumjulia hali shangazi yangu.

Kwa wasiokijua kisiwa hicho, ukitoka Likoni ukaishika barabara ya Lunga Lunga, ukaipita Ukunda na Msambweni, utafika njia panda ya kwenda Bodo. Hapo utapanda bodaboda hadi ufukweni, na kutoka Bodo utavuka kwa mashua ukipita kando ya mikoko. Maji yakiwa yamekupwa utavua viatu na kukunja suruali, uwe mkubwa uwe mdogo. Wenyeji wengi ni wavuvi. Jioni, baada ya sala ya alasiri, wazee hukusanyika barazani, kahawa ikazungushwa, na ulimwengu mzima ukahukumiwa.

Jumamosi hiyo aliyepandishwa kizimbani alikuwa Mwingereza.

Aliyefungua kesi ni mzee mmoja mvuvi mstaafu, ambaye Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ameisikiliza tangu ujana wake. Habari za London huzisimulia kana kwamba ni za Shimoni. "Hawa watu walitutawala wakatuambia sisi hatujui kujitawala," alianza. "Haya, na wahesabiwe wao!" Akahesabu kwa vidole. Cameron alitoka Julai 2016 baada ya ile kura ya kujiondoa katika Umoja wa Ulaya. Akaja Theresa May, akaja Boris Johnson, akaja Liz Truss, akaja Rishi Sunak, kisha Keir Starmer akaingia Julai 2024. Mawaziri wakuu wapya watano katika miaka minane.

"Na huyo bibi Truss," akasema, "aliingia tarehe 6 Septemba 2022, akatoka tarehe 25 Oktoba. Siku arobaini na tisa! Jamani, hata eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi!"

Baraza likaangua kicheko, mimi nikiwa wa kwanza.

Mwalimu mmoja mstaafu hakukubali. "Shekhe, cheka, lakini wao angalau hutoka," alisema. "Yule mama alivuruga hesabu za fedha za serikali, wenzake wakamwambia haifai, akafungasha. Hapakuchomwa hata tairi moja. Na Sunak aliyemfuata, babake alizaliwa hapa hapa Kenya, na mamake Tanganyika. Aliposhindwa uchaguzi alimpongeza mwenzake, akaaga, akaenda zake. Kwetu..." Hapo akanyamaza, akainua kikombe chake cha kahawa, na kila mmoja akaelewa alichokimeza pamoja na hiyo kahawa.

Ndipo kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa ameketi pembeni kwa adabu, akaomba ruhusa ya kusema. "Wazee wangu, siasa zao huenda ni nzuri. Lakini wazazi wao huwatupa." Akasimulia habari za mzee mmoja wa Kiingereza anayeishi Diani ambaye yeye humbeba kumpeleka dukani. Mzee huyo ana watoto watatu huko kwao. Alimwambia kuwa afadhali afie Diani kuliko kuzeeka katika nyumba ya wazee, akilishwa na mtu asiyemjua.

Hapo baraza zima likawa na kauli moja. Mwalimu aliyekuwa wakili wa Mwingereza akageuka kuwa shahidi wa mashtaka. Akatueleza kwamba Januari 2018 Theresa May alimteua Tracey Crouch kuwa waziri wa kushughulikia upweke, maana watu wanaokaa peke yao bila wa kusema naye wamekuwa wengi mno.

"Waziri wa upweke!" mvuvi akapiga paja. "Sisi hapa Funzi twataka waziri wa kutuondolea watu. Hata ukitaka kulala mchana huwezi, kila mtu hodi, hodi!"

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Tukacheka tena tulipoambiwa kwamba serikali yao huwapa wazee pesa za kupashia nyumba joto wakati wa baridi. "Pesa za kuota moto!" Tukatikisa vichwa tulipoambiwa kwamba huko Uingereza mzee mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia mwenyewe gharama za kutunzwa. Akihamia nyumba ya wazee moja kwa moja, na ikiwa nyumbani hakubaki mume wala mke, hata nyumba yake huhesabiwa, na wengi huishia kuiuza ili walipe. Nyumba aliyoijenga kwa jasho lake inauzwa ili apate wa kumfunga vifungo vya shati! Tukaafikiana kwamba sisi, pamoja na umaskini wetu, tuna utu. Adhana ya magharibi ikatutawanya, kila mtu akiwa ameridhika na nafsi yake.

Nami nikarudi nyumbani kwa shangazi.

Sikueleza, msomaji, kilichonipeleka Funzi. Shangazi huyu ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki nikiwa na umri wa miaka sita, na yeye akanichukua akaniunganisha na wanawe. Alikuwa akishona makuti. Usiku akishona kwa mwanga wa kibatari, asubuhi akiyafunga mafungu yavushwe Bodo, na kutoka huko yalikwenda kuezekea mahoteli ya Diani. Karo yangu ilitoka katika makuti hayo. Mtalii wa Kiingereza aliyekunywa maji ya dafu chini ya paa lile hakujua kwamba kivuli kile kinamsomesha mtoto Funzi.

Leo shangazi amepita miaka sabini na anaishi peke yake. Wanawe wa kiume wawili wako Ukunda na Mombasa. Binti yake yuko Uingereza. Mimi niko Nairobi. Usiku mmoja, wiki mbili kabla ya safari yangu, alitoka kwenda choo cha uani, akateleza, akaanguka. Hakuweza kuinuka. Ilikuwa yapata saa nane za usiku. Alilala pale chini hadi mtoto wa jirani anayemtekea maji alipobisha hodi asubuhi. Majirani wakambeba, wakamvusha kwa mashua, akafikishwa hospitali, akapigwa picha, na kwa rehema za Mungu nyonga ilikuwa imeshtuka tu, haikuvunjika. Mimi nilizipata habari siku ya tatu.

"Mbona hukunipigia simu, shangazi?" nilimuuliza usiku huo, tena kwa sauti ya kulaumu kidogo, Mungu anisamehe.

"Simu ilikuwa ndani, mwanangu, chini ya mto," alinijibu taratibu. "Ilikuwa na zile elfu tatu ulizonitumia jana yake. Pesa zilikuwa ndani, mimi niko nje."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa sijakanyaga Funzi kwa mwaka mmoja na miezi minane. Lakini kila mwezi nilituma, na kila nilipotuma nilijihesabu kuwa mwana mwema. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, wengi wetu tumejifunza kuwatunza wazazi kwa kidole gumba. Na ajabu ni kwamba hata hapo Mwingereza ana mkono wake, kwa kuwa huduma hiyo ilibuniwa ndani ya kampuni ya Vodafone ya Uingereza, na majaribio yake yalisaidiwa na fedha za serikali ya huko. Siilaumu, maana imeokoa maisha ya wengi. Lakini simu haimwinui mtu aliyeanguka uani.

Tukiwa katika mazungumzo hayo, simu ya shangazi ikalia. Alikuwa binti yake, dada yangu, akipiga kwa picha. Alikuwa amevaa sare ya kazi, yuko katika mapumziko ya dakika chache. Kazi yake huko ni kulea wazee.

Nieleze kidogo, kwa kuwa jambo hili limewagusa wengi hapa kwetu. Uingereza ilipopungukiwa na watu wa kulea wazee, mnamo Februari 2022 ilifungua mlango kwa wafanyakazi hao kutoka nchi za nje. Dada yangu aliingia kwa mlango huo mwaka 2023. Kuanzia Machi 2024 wanaokwenda kwa kazi hiyo wakakatazwa kuchukua waume, wake na watoto wao. Na Julai 2025 mlango ukafungwa kabisa kwa waajiriwa wapya wa kutoka nje. Kuhusu kumchukua mzazi, masharti yalikuwa yamekazwa tangu Julai 2012. Kwanza ni lazima uwe na haki ya kuishi kule daima, kisha uthibitishe kwamba mzazi wako anahitaji kuuguzwa kila siku, na kwamba hata ukituma pesa hawezi kupata huduma hiyo alipo. Ni wachache mno wanaofaulu. Kwa hiyo dada yangu ameruhusiwa kuwalea wazazi wa Waingereza, lakini mamake hana njia ya kumfikisha kule amlee.

Shangazi hakumuuliza habari za sheria. Alimuuliza, "Yule bibi yako wa miaka tisini na moja, hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Amekula?"

"Amekula. Nimemlisha mwenyewe."

"Na kuoga?"

"Nimemwogesha asubuhi."

"Basi hebu nielekeze simu nimwone, nimpe salamu."

"Haturuhusiwi, mama. Ni makosa kumpiga picha."

Shangazi akacheka. "Basi msalimie. Mwambie mamako anamwombea dua."

Simu ilipokatika, alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia, "Mwenzio mkono wake mwepesi. Alikuwa akinisuka nywele, husikii hata ukivutwa." Hakusema zaidi ya hayo. Hakulalamika, wala hakumlaumu mtu. Nami nikatoka nje kwa kisingizio cha kutafuta hewa, nikachukua tochi, nikaenda kuangalia pale uani alipoangukia. Palikuwa na jiwe moja lenye kuvu. Ningelikuja mwezi wowote katika ile ishirini niliyoikosa, ningeling'oa kwa mikono yangu.

Sasa, msomaji wangu, kati yangu na Mwingereza niliyemcheka alasiri ile, nani amemtupa mzazi wake?

Usinielewe vibaya. Simtetei. Mambo yake ya wazee yamemshinda kwa miaka mingi. Boris Johnson, siku alipoingia madarakani Julai 2019, aliahidi kuimaliza shida hiyo. Ukawekwa mpango wa kwamba mtu asitozwe zaidi ya pauni 86,000 za malezi katika maisha yake yote. Mpango huo ulikuwa uanze Oktoba 2023, ukasogezwa hadi Oktoba 2025, na kabla haujafika, Julai 2024, serikali ya Starmer ikaufuta. Na wakati wa korona mwaka 2020, kifo kilipita katika nyumba za wazee za Uingereza kama moto katika makuti.

Lakini kuna jambo moja ambalo pale barazani hatukuliona kwa sababu ya kicheko. Mzee wa Kiingereza akiguswa, nchi husikia. Mwaka 2017 Theresa May alikwenda kwenye uchaguzi na mpango uliogusa nyumba za wazee wanaotunzwa majumbani mwao. Kelele zilizopigwa zilimfanya aubadilishe katika muda wa siku nne, na kura zilipohesabiwa tarehe 8 Juni, wingi wake bungeni ulikuwa umekwenda. Na zile pesa za kuota moto tulizozicheka, pauni 200 au 300 kwa mwaka, serikali ya Starmer iliziondoa mwaka 2024 kwa wazee wapatao milioni 10, ikawaachia maskini zaidi pekee. Hawakukaa kimya. Ilipofika Juni 2025 serikali ilirudi nyuma, ikakubali kuwarudishia walio wengi. Sidhani kwamba Mwingereza ampenda mamake kuliko sisi tuwapendavyo mama zetu. Ila mamake hupiga kura kwa ajili ya uzee wake, na mwanasiasa anajua.

Na sisi je? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zake na kwa serikali. Serikali, kupitia Inua Jamii, iliweka shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee waliofikisha miaka 70, mpango uliopanuliwa kwa wote wa umri huo mwaka 2018. Ni jambo jema, na shangazi huzipokea, ijapokuwa mara nyingi huchelewa. Lakini nikumbushe, msomaji, ni lini mwanasiasa aliyevuka Bodo kuja kuomba kura aliulizwa habari za wazee? Huulizwa kuhusu gati, nyavu na basari, na fulana hugawanywa. Wazee hupewa viti vya mbele, wakaomba dua, mkutano ukafungwa.

Na liko jingine, zito zaidi, ambalo sisi wa Pwani hatupendi kulisema mbele ya wageni. Tunajisifu kwamba hatuna nyumba za wazee. Si kweli. Huko Ganze, Kaunti ya Kilifi, pako mahali paitwapo Kaya Godoma palipotoa hifadhi kwa wazee waliokimbia makwao baada ya kuitwa wachawi. Katika Kilifi na hata humu Kwale wako wazee waliouawa kwa tuhuma hizo, na mara nyingi ukichimba utakuta chanzo ni shamba, na mshukiwa ni damu yao wenyewe. Wako waliotia nywele rangi nyeusi ili mvi zisiwaletee kifo. Mzee wa Kiingereza hupelekwa nyumba ya wazee kwa sababu wanawe hawana nafasi. Wa kwetu wa Ganze alikimbilia kule kwa sababu wanawe walikuwa na panga. Kati ya hawa wawili, nani wa kumcheka mwenziwe?

Funzi, namshukuru Mungu, sijasikia hayo. Na ile hodi hodi aliyoilalamikia mvuvi ndiyo iliyomwokoa shangazi asubuhi ile. Lakini hodi ile ilikuwa ya mtoto wa jirani. Sisi aliotuzaa na kutulea hatukuwapo.

Usiku huo huo niliwapigia ndugu zangu wa Ukunda na Mombasa. Tulizozana kidogo, kama ilivyo desturi ya ndugu, kila mmoja akitaja alichotuma na mwaka aliotuma. Mwisho tukapatana. Wa Ukunda atakuja kila Ijumaa, avuke, asali na mamake yuko karibu. Wa Mombasa Jumapili ya pili ya kila mwezi. Mimi Jumamosi ya kwanza, na nisipofika nitoe sababu kwa wote. Dada yetu akasema kwa kuwa hawezi kuja, atamlipa binti wa jirani aliyemaliza shule awe analala nyumbani kwa shangazi, tena alipwe ujira wa kweli, si kupewa leso ya Idi. "Mimi najua kazi hiyo ilivyo," alisema. Fundi akaitwa ajenge choo cha ndani chenye mahali pa kushika. Jiwe lile niling'oa mwenyewe alfajiri.

Pia tulimshonea shangazi mfuko mdogo wa kuning'iniza simu shingoni. Aliutazama kwa dharau. "Mimi si mtoto wa chekechea," alisema. Lakini asubuhi nilimwona ameuvaa.

Jumapili kabla ya kuondoka nilipita barazani kuaga, nikawasimulia yote, bila kujificha. Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliinamisha kichwa. Kijana wa bodaboda akasema mamake yuko Ramisi, na hajamwona tangu Idi. Mvuvi alifikiri kwa muda, kisha akasema, "Basi yule bibi wa siku arobaini na tisa tutaendelea kumcheka. Hili la wazee tuliache kwanza mpaka tujisafishe."

Wewe unayesoma ukurasa huu leo, pengine nawe ulituma juzi. Umefanya vyema, usiache. Lakini hesabu ni miezi mingapi tangu ulipoingia mlangoni mwa mzazi wako ukaangalia anapokanyaga usiku, anapotekea maji, na simu yake anaiweka wapi. Ukiweza, nenda. Ikiwa uko mbali usikoweza kurudi, tafuta wa kwenda kwa niaba yako, umlipe, na umpigie kumuuliza aliyoyaona. Na Agosti 2027, watakapovuka kuja kuomba kura, mmoja wenu asimame awaulize habari za wazee kabla fulana hazijagawanywa.

Hadi Jumapili ijayo, Mungu akipenda.